Diwani aliyepona: jaribio la kumuua Muchohi Gikonyo mwaka 1950 na njia iliyofika hadi Kiirua

Naandika makala haya nikiwa Kiirua, Meru, ninakofanya kazi mbali na nyumbani Mombasa. Kiirua ni mji mdogo wa Buuri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya inayotazama nyanda za Isiolo. Kwa wengi wetu wa pwani, jina hili linajulikana kwa viazi na hospitali ya misheni. Kwa wenyeji lina uzito mwingine. Msitu wa mlima hauko mbali, na katika miaka ya 1950 msitu huo ulikuwa uwanja wa vita.

Wazee wa huku wanapojua kuwa mtu ametoka pwani, humuuliza swali moja: nyinyi mlikuwa wapi wakati wa Mau Mau? Sisi wapwani tuna jibu tulilolizoea, kwamba vile vilikuwa vita vya bara. Jibu hilo halitoshi. Moja ya kesi za mwanzo kabisa za njama ya kumuua mtu wa serikali Nairobi ilimkuta kizimbani mtu aliyezaliwa Rabai. Na miongoni mwa waliochukiwa kwa sababu zilezile zilizomtia matatani diwani aliyelengwa, alikuwamo mtoto wa ukoo wa Frere Town. Ndiyo kesi ninayotaka kuieleza hapa, ili msomaji wa pwani aijue kwa mpangilio wake.

Nairobi kabla ya risasi

Mwaka 1950 Nairobi ilikuwa na Waafrika wengi wasio na sauti katika baraza la mji. Madiwani Waafrika walikuwapo, lakini hawakuchaguliwa kwa kura. Waliteuliwa. Mmoja wao alikuwa Muchohi Gikonyo, mfanyabiashara. Mwingine alikuwa Tom Mbotela, aliyekuwa pia makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, yaani KAU. Chama hicho kiliundwa mwaka 1944, na Jomo Kenyatta akawa rais wake mwaka 1947.

Machi 30, 1950, Nairobi ilikabidhiwa hati ya kifalme iliyoipandisha hadhi kutoka mji wa kawaida hadi jiji. Aliyeileta hati hiyo ni Duke wa Gloucester, ndugu wa mfalme wa Uingereza. Wazungu walisherehekea. Waafrika wengi waliogopa. Habari ilienea kwamba jiji likipanuka litameza ardhi ya Wakikuyu upande wa Kiambu. Tena, mtu anayelala watu kumi chumba kimoja Pumwani, akidaiwa kipande kila kona, angesherehekea nini?

Muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa Mei 1, 1949, uliwataka watu wazigomee sherehe hizo. Katibu wake mkuu alikuwa Makhan Singh, Mhindi wa Nairobi. Rais wake alikuwa Fred Kubai. Madiwani Waafrika waliokubali kwenda sambamba na baraza walianza kuitwa wasaliti.

Hapo ndipo jaribio lilipofanyika. Gikonyo alishambuliwa na akapona.

Nani alikuwa Fred Kubai?

Kwetu pwani jina la Kubai halitajwi sana, na hili hunishangaza. Kubai alizaliwa Rabai, baba yake Mkikuyu na mama yake Mmijikenda. Rabai ndiko Krapf alikojenga misheni mwaka 1846, na ndiko Wamisheni walikowapokea watumwa walioachwa huru. Kubai alikulia katika mazingira hayo ya watu wa makabila mchanganyiko, Kiswahili kikiwa lugha ya kila mtu. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya simu za maandishi katika idara ya posta, kisha akawa mpangaji wa wafanyakazi wa usafiri na madereva wa teksi Nairobi.

Tusisahau pia kwamba siasa za mgomo zilikuwa zimeshaonyeshwa njia na Mombasa. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na nyumba za watu waligoma kwa siku kadhaa, mji ukasimama. Chege Kibachia, aliyeliongoza shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo huo, alikamatwa mwaka uleule na kupelekwa uhamishoni Baringo. Serikali ilijifunza kwamba mgomo wa Waafrika unaweza kuvunjwa kwa kumwondoa kiongozi. Wafanyakazi nao walijifunza kwamba kiongozi wa wazi hadumu. Funzo hilo la pili ndilo lililoipa nguvu kamati ya siri.

Kukamatwa na kesi

Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alitaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, mara moja. Wiki tatu baadaye, Mei 15, yeye na Kubai walikamatwa kwa kosa la kuwa viongozi wa chama kisichosajiliwa. Kesho yake Nairobi iligoma. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja, na miongoni mwa madai yake lilikuwamo la kuachiliwa kwa viongozi hao.

Makhan Singh aliishia kuhamishwa kaskazini, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kwa Kubai, serikali ilikuja na shtaka zito zaidi: kujaribu kumuua Muchohi Gikonyo.

Alikaa rumande miezi mingi. Mapema 1951 mahakama ilimwachilia, hakupatikana na hatia.

Naomba msomaji atue hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Wako wanaosimulia kana kwamba Kubai alithibitishwa kuwa mpangaji wa jaribio lile. Hapana. Kisheria, Fred Kubai ni mtu aliyeshtakiwa akaachiliwa. Wako pia wanaosimulia kana kwamba shtaka lilikuwa uzushi mtupu na hakuna aliyemshambulia Gikonyo. Hilo nalo si kweli. Diwani alishambuliwa. Kilichokosekana ni ushahidi wa kumtia mtu huyu hatiani, katika mahakama iliyokuwa bado inadai ushahidi.

Jaribio lililoshindwa, matokeo yaliyofaulu

Mtu akipona, tunasema njama imeshindwa. Lakini njama ya siasa haipimwi kwa maiti pekee. Inapimwa pia kwa anayenyamaza baada yake.

Kubai alipotoka rumande alikuwa na jina kubwa kuliko alipoingia. Mwezi Juni 1951 kundi lake lilitwaa uongozi wa tawi la KAU la Nairobi. Kubai akawa mwenyekiti, Bildad Kaggia katibu. Watu wa mwendo wa polepole, waliotaka barua, maombi na mazungumzo, walisukumwa pembeni. Tom Mbotela alikuwa miongoni mwao. Yeye alizipinga hadharani njia za siri na viapo, na alisema hivyo wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa hatari.

Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku tangu Agosti 1950. Marufuku haikuzuia viapo kuenea. Vilitoka Nairobi na Kiambu, vikapanda Nyeri na Murang'a, vikazunguka mlima mpaka Embu na Meru. Waliovibeba wengi walikuwa vijana waliofanya kazi Nairobi na kurudi kwao. Hivyo ndivyo ugomvi ulioanza kuhusu hati ya jiji ulivyofika katika vijiji vya Imenti na Buuri, kwa watu ambao huenda hawakuwahi kuliona jengo la baraza la Nairobi.

Oktoba 7, 1952, chifu mkuu Waruhiu wa Kiambu aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake. Oktoba 20, gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Usiku huo Kubai alikamatwa tena pamoja na Kenyatta na wengine wengi.

Novemba 26, 1952, Tom Mbotela aliuawa karibu na soko la Burma, Nairobi. Mwaka uliofuata diwani mwingine, Ambrose Ofafa, naye aliuawa. Baadaye majina yao yalipewa mitaa ya makazi ya Waafrika Nairobi. Ndiyo maana leo kondakta wa matatu anapiga kelele "Mbotela!" na "Ofafa!" bila abiria kujua kwamba anataja watu waliouawa.

Ukoo wa Mbotela ni wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na Wamisheni miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Ni ukoo uliomtoa James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Mtu aliyetokana na watu waliokombolewa na Wamisheni na manowari za Waingereza hakuiona serikali ya Kiingereza kwa jicho lilelile la Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba na Mwingereza. Simtetei wala simlaumu. Nasema tu kwamba kila mmoja alikuwa na historia yake mgongoni, na historia hizo mbili zilikutana Nairobi, mji uliokuwa hauna nafasi ya kuzisikiliza zote.

Mahakama mbili, sheria mbili

Linganisha sasa kesi mbili za Kubai. Katika ya kwanza alidaiwa kutaka kumuua mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na mahakama ikamwachilia. Katika ya pili, ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa 1952, hakushtakiwa kumuua mtu yeyote. Alishtakiwa pamoja na Kenyatta, Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba kwa kuiongoza Mau Mau. Aprili 8, 1953, wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa yake, lakini hakuachiliwa, aliwekwa kizuizini. Shahidi mkubwa wa kesi ile, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Serikali ilikuwa imegundua kwamba ni rahisi zaidi kumfunga mtu kwa njama kuliko kwa tendo. Baada ya hapo sheria za hali ya hatari zililegezwa kwa upande wa mashtaka na kukazwa kwa upande wa mshtakiwa. Kulisha kiapo kukawa kosa la kunyongwa. Kukutwa na risasi kukawa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walipelekwa kitanzini kabla vita havijaisha.

Jambo hili si la Kenya pekee. Usiku wa Aprili 14, 1865, Marekani ikiwa inamaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, rais Abraham Lincoln alipigwa risasi ndani ya ukumbi wa michezo. Saa ileile, mshiriki wa njama hiyo, Lewis Powell, aliingia nyumbani kwa waziri wa mambo ya nje, William Seward, akijifanya ameleta dawa. Alimkuta mgonjwa kitandani, akamchoma kisu usoni na shingoni. Seward alipona, na miaka miwili baadaye ndiye aliyesimamia ununuzi wa Alaska kutoka kwa Warusi. Powell alihukumiwa na mahakama ya kijeshi, si ya raia, akanyongwa Julai 7, chini ya miezi mitatu tangu usiku ule, pamoja na wenzake watatu. Powell alikamatwa na ushahidi mwingi juu yake. Lakini miongoni mwa walionyongwa naye alikuwapo Mary Surratt, mwenye nyumba ya wageni walimokutania, na hukumu yake inabishaniwa hadi leo. Katika vita, neno njama hupanuka kama mpira. Humfikia aliyeshika kisu, na humfikia aliyewapa chumba.

Karibu nasi zaidi, Juni 1, 2021, mjini Kampala, watu wenye bunduki juu ya pikipiki walilimiminia risasi gari la waziri wa ujenzi na uchukuzi wa Uganda, Jenerali Katumba Wamala. Yeye alipona na majeraha. Binti yake na dereva wake walikufa palepale. Vyombo vya habari viliandika kwamba jaribio limeshindwa. Kwa nyumba mbili zilizofiwa, halikushindwa.

Vita vilipofika Meru, na kambi zilipofika pwani

Meru ilikuwa na mgawanyiko wake. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo makao yake ni Nchiru, liliipinga Mau Mau na kutumia mamlaka yake ya jadi kuwatoa watu katika kiapo. Wakati huohuo vijana wa Kimeru waliingia msituni. Wawili kati ya makamanda wao walijulikana nchi nzima: Musa Mwariama na Baimungi M'Marete. Mwariama alitoka msituni uhuru ulipopatikana na kukutana na Kenyatta. Baimungi alikataa kuiamini ahadi ya ardhi, akarudi msituni, na aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru mwaka 1965.

Aprili 24, 1954, jeshi na polisi waliizingira Nairobi. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuchujwa. Mpwani alionyesha kipande chake akapita. Mmeru alipakiwa lori. Huku mashambani, zaidi ya watu milioni moja wa makabila hayo matatu walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, chini ya ulinzi.

Na waliopakiwa walipelekwa wapi? Hapa ndipo jibu letu la "vita vya bara" linapoanguka. Manyani, Taita. Mackinnon Road. Kisiwa cha Manda, Lamu. Hola, Tana River, ambako Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Kambi hizi zote ziko upande wetu. Gari la moshi lililowashusha vijana wa mlimani Manyani ndilo lililotuletea sisi viazi na maharagwe. Mtu wa Kiirua anayeniuliza pwani ilikuwa wapi ana haki ya kuuliza, kwa sababu huenda babu yake anaijua pwani kupitia uzio wa seng'enge.

Tuichukue vipi habari hii?

Nimekaa huku muda wa kutosha kujua kwamba familia za walinzi wa nyumbani na familia za walioingia msituni zinaishi mpakani mwa shamba. Zinaoana, zinazikana, zinauziana maziwa. Lakini kuna maneno hayatamkwi mezani. Nani alikula kiapo kwa hiari na nani kwa panga shingoni. Nani alimtaja nani siku ya kuchujwa. Ukimya huo ndio unaowawezesha kuchota maji kwenye bomba moja, nami siudharau.

Ila ukimya wetu sisi wa pwani ni wa aina nyingine. Sisi hatunyamazi ili tuishi pamoja. Tunanyamaza kwa sababu tumejiaminisha kwamba hayatuhusu. Matokeo yake, watoto wetu hawajui kwamba Kubai alizaliwa Rabai, wala kwamba Mbotela aliyeuawa Burma ni wa Frere Town. Kisha wanapokuja wanasiasa kutugawa kuwa wabara na wapwani, hatuna cha kuwajibu.

Mimi sioni haja ya kuchagua kati ya hawa wawili. Kubai alitumikia kifungo na kizuizini, akatoka, akawa mbunge kutoka Nakuru na waziri msaidizi, akafariki mwaka 1996. Mbotela hakuiona Kenya huru. Mmoja aliamini kwamba Mwingereza haondoki kwa barua. Mwingine aliamini kwamba nchi ikijengwa kwa kiapo cha siri, siri hiyo itakuja kuwala wajenzi. Kila mmoja alisema kweli kwa sehemu yake. Uhuru haukuja kwa barua tu, na Baimungi, aliyeuawa na serikali aliyoipigania, ni ushahidi kwamba hofu ya Mbotela haikuwa ya bure.

Ninachokiona kuwa hasara kubwa ya mwaka 1950 si kwamba risasi ilimkosa diwani au ingempata. Hasara ni kwamba baada ya siku ile haikuwezekana tena Mwafrika mmoja kumpinga mwenzake ukumbini Kaloleni, wakatoka wote wawili wakaenda nyumbani kwa miguu. Serikali ilichangia hasara hiyo ilipofunga kila mlango wa haki. Kamati ya siri nayo ilichangia ilipoamua kwamba mpinzani ni wa kuondolewa.

Tarehe za kukumbuka

Mei 1, 1949: muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki unaanzishwa.
Machi 30, 1950: Nairobi inapewa hadhi ya jiji.
Mei 15, 1950: Makhan Singh na Fred Kubai wanakamatwa. Kubai anashtakiwa kwa jaribio la kumuua diwani Gikonyo.
Agosti 1950: Mau Mau inapigwa marufuku.
Mapema 1951: Kubai anaachiliwa na mahakama.
Oktoba 20, 1952: hali ya hatari inatangazwa.
Novemba 26, 1952: Tom Mbotela anauawa.
Aprili 8, 1953: hukumu ya Kapenguria.
Aprili 24, 1954: msako mkubwa wa Nairobi.
Machi 3, 1959: mauaji ya Hola.

Mpwani mwenzangu, ukipita Rabai au Kengeleni siku moja na mtoto, mtajie majina haya mawili pamoja, Kubai na Mbotela. Na ukikutana na Mmeru wa makamo akakuuliza mlikuwa wapi, usimwambie vilikuwa vita vya bara. Mwambie tulikuwapo, pande zote mbili.